Karatasi ya Saba

Babu yangu hana adabu na karatasi za watu. Mpe risiti ya dukani ampelekee Bibi jikoni, hatua kumi tu, naye atasimama nayo katikati ya korido aisome kwa sauti, tangu jina la duka mpaka ile "Asante, karibu tena". Cheti cha daktari, barua ya benki, kadi ya mwaliko ya mtu asiyemjua, hata kile kikaratasi kilichokunjwa ndani ya boksi la dawa: hakuna kinachopita mikononi mwake bila kusomwa. Nilipokuwa sekondari aliisoma barua ya mvulana mmoja mbele ya meza nzima, pamoja na ile mistari ya mapenzi, kisha akanikabidhi. "Yako hiyo, bi mdogo," akasema. Sikuongea naye wiki nzima. Leo najua kwa nini anasoma, lakini ile wiki siijutii.

La pili, halali mchana. Mzee wa miaka sabini na mmoja, amestaafu, miguu imevimba, macho yanajifunga yenyewe baada ya chakula, naye anasimama. Sebuleni kuna kiti cha mito alichonunuliwa na mama yangu, kiti cha heshima kabisa, na tangu kiingie ndani kinakaliwa na nguo zinazongoja pasi. Babu akihisi usingizi unamnyemelea anatoka nje kufagia ua uliokwisha kufagiliwa. Bibi humwambia, "Mzee, utakufa wima kama nguzo ya umeme." Naye hujibu kwamba nguzo ya umeme angalau ina faida.

Na la tatu ni vidole. Anagonga kila kitu: meza, paja, ukuta wa bafuni. Pigo fupi, pigo refu, mafupi mawili. Enzi za vile vita vya mpakani alikuwa opereta jeshini, mtu anayevaa hedfoni na kusikiliza milio ya nukta na mistari inayokuja hewani, kisha anaigeuza kuwa maneno kwenye fomu. Vita vilipokwisha aliendelea na kazi hiyohiyo posta, mpaka posta ilipoifuta. Akatengeneza redio, mpaka watu walipoacha kutengeneza redio. Akalinda mlango wa ghala la vipuri, mpaka goti lilipokataa. Kila kazi aliyoishika ilimfia mikononi, na sijawahi kumsikia akilalamika. Labda alilalamika kwa vidole, na sisi hatukuwa na elimu hiyo.

Mimi natengeneza magemu ya kompyuta. Ofisi yetu ni chumba kimoja juu ya duka la matairi. Tuko wanne na feni moja, na bosi wetu ana tabia ya kumwahidi mteja kwanza ndipo atuulize kama jambo lenyewe linawezekana. Safari hii aliahidi gemu la mdundo. Wazo la kulifanya la opereta wa vita lilikuwa langu, nani alinituma. Taa zinashuka kwenye kioo, fupi kwa nukta na ndefu kwa mstari, ngoma inapiga chini yake, nawe unabonyeza kwa wakati wake. Ukipatia, kijani. Ukikawia, linatokea neno jekundu kubwa: UMECHELEWA. Hatua ziko kumi na mbili, na kila hatua ni simu moja ya vita, ujumbe wa nukta na mistari, unayoipokea kwa kidole.

Nilitaka simu za kweli, basi nikamwomba Babu aniandikie zile anazozikumbuka. Alikaa siku tatu mezani, kwenye kiti cha mbao kama kawaida yake, akanipa karatasi kumi na mbili za nukta na mistari kwa kalamu ya wino.

"Na herufi ziko wapi, Babu?"

"Herufi za nini? Mashine yako si ina akili?"

Ni kweli, programu yangu inageuza nukta kuwa herufi yenyewe na kuzipitisha chini ya kioo, ndogo, za kijivu, ambazo mchezaji hana haja ya kuziangalia. Niliziingiza karatasi zote Jumapili moja, macho mekundu, kahawa imepoa pembeni. Nukta, nukta, mstari. Nilikuwa hoi. Sikusoma hata moja ilisema nini. Nilichokiona ni kwamba juu ya ile ya saba, na hiyo peke yake, Babu aliandika neno kwa maandishi ya kawaida: Darajani.

Nyumbani kwetu hakuna asiyejua habari ya daraja. Bibi alikuwa na kaka mmoja tu, naye alikuwa kwenye kikosi kilichokuwa kinalinda daraja. Simu ya kuwaambia waondoke ilifika kituoni kwa Babu. Kutoka hapo ilitakiwa isomwe kwao kwa simu ya waya. Ilichelewa. Saa tano asubuhi daraja lilipigwa mizinga na wao wakiwa palepale. Babu alikuwa rafiki wa huyo kaka, ndiye aliyemletea Bibi sanduku la nguo za marehemu, na maelezo aliyokuja nayo yalikuwa sentensi moja: mawimbi ya hewani yalikuwa mabaya. Mwaka uliofuata alimposa. Miaka arobaini na mitatu sasa Bibi ana ugomvi na mawimbi. Redio ikikwaruza jikoni anaizima kama anamziba mtu mdomo. Ukimuuliza Babu ile simu ilisema nini hasa, husema amesahau maneno.

Basi mimi, kwa mapenzi yangu yote na ujinga wangu wote, hatua ya saba niliijaza mikwaruzo. Mchezaji apambane na kelele, aitafute nukta ndani ya mchafuko, ajue opereta alipata taabu gani. Nilimwambia Bibi kwamba nimemwekea kaka yake humo. Alilia kidogo, akafuta macho kwa kipande cha kitambaa alichokuwa anashona, akasema, "Ikiwa tayari, nataka niicheze mimi mwenyewe."

Kazi ilitakiwa Jumatatu. Alhamisi nikamleta Babu ofisini ajaribu, nikitegemea kujitapa naye.

Alivaa shati la mikono mirefu. Alipanda ngazi zile kwa awamu mbili, akasalimia kila mtu, akakataa kiti cha bosi, akachukua kigoda. Nikamvisha hedfoni, nikaanzisha hatua ya kwanza. Umechelewa. Umechelewa. Umechelewa. Kioo kizima kilikuwa chekundu. Hakuipata nukta hata moja, mtu aliyeishi kwa nukta. Mchoraji wetu, binti mpole asiyejua kuficha uso, alijifanya anatafuta kalamu chini ya meza.

"Mbona unangoja, Babu? Taa ikifika, bonyeza."

"Hamjui kazi nyie," alisema, na hapo bado alikuwa anatabasamu. "Opereta mzuri anaandika nyuma. Sikio linapokea neno la nne, mkono ndiyo kwanza unaandika la kwanza. Ukikimbilia kila mlio utakufa na presha kabla ya saa sita."

"Na kichwa, mzee?" mchoraji aliuliza kutoka chini ya meza. "Sikio liko mbele, mkono uko nyuma. Kichwa kinakuwa wapi?"

Tabasamu la Babu lilibaki usoni kwa muda kama kitu kilichosahauliwa, kisha likaondoka. Nikaona nimchangamshe, nikaruka mpaka hatua ya saba. Mikwaruzo ikaanza. Aliisikiliza kidogo tu, akavua hedfoni.

"Hii kelele ya nini?"

"Mawimbi mabaya, Babu. Ni ile ya darajani."

"Hiyo watu wataipenda sana," bosi alisema akipita na chai yake.

Babu alisimama, akashukuru, akatoka. Nilimkuta kwenye ngazi, amesimama, mkono kwenye ukuta. Chini yetu fundi wa matairi alikuwa anajaza upepo.

"Ile karatasi uliisoma?" akaniuliza.

"Niliiingiza."

"Sijakuuliza hivyo."

"Sikuisoma. Nilikuwa nimechoka, Babu."

Aliondoa mkono ukutani, wala si kwa hasira. "Itoe," akasema.

"Bibi anaisubiri."

"Itoe, mjukuu wangu."

Tangu nizaliwe mimi ni bi mdogo, au mchumba, au mtalaka siku akikasirika. Mjukuu wangu sikuwahi kuitwa. Nikamuuliza kuna nini.

"Hayakuwa mawimbi," alisema. "Asubuhi ile hewa ilikuwa safi, ungesikia nzi akitua. Mawimbi ni maneno ya sajenti wangu. Aliniambia tuandike hivyo, nikaandika."

"Basi ilikuwa nini?"

"Bibi yako akijua, mimi nimekwisha. Nitakwenda wapi na miguu hii?"

Akashuka ngazi, hatua moja moja. Nitasema ukweli, nilimkasirikia. Nilikuwa na siku nne, makosa thelathini kwenye orodha, shingo inayouma, na sasa mzee amenitwika kitu ambacho yeye mwenyewe amechoka kukibeba. Nilirudi mezani nikaifungua hatua ya saba nizisome zile herufi za kijivu. Nikaifunga kabla herufi ya kwanza haijapita. Niliona haya kuijua mimi kabla ya dada wa marehemu. Bosi nilipomgusia habari ya kuiondoa alisema hatua kumi na moja hakuna mteja anayezinunua. Ningeweza kuiondoa kimyakimya, nikaweka nyingine. Niliondoa mikwaruzo tu, nikaacha iliyobaki ilivyo. Watu hupenda kusema niliamua hivi, niliamua vile. Mimi sikuamua kitu. Nilikuwa sina nguvu ya kufanya lolote jingine.

Jumamosi mchana nilikwenda kwao na kompyuta, nikiwa nimepanga uongo wangu njiani: imeharibika, haijakamilika, chaji imekwisha. Bibi alinivua huo uongo mlangoni.

"Leta hiyo mashine, mke mwenzangu. Na usiniambie habari za chaji, umeme upo."

Niliiweka juu ya meza yake ya kushonea. Babu alikuwa uani, nikilisikia fagio lake. Bibi amekanyaga cherehani miaka arobaini, na mguu wake una mdundo kuliko ngoma yoyote niliyolipia. Hatua ya kwanza alikosa mbili tatu. Ya pili alikosa moja. Nilianza kusema inatosha kwa leo, naye akaniambia ninyamaze namharibia hesabu. Ya tatu, ya nne, ya tano. Ya sita aliicheza huku ananiuliza kwa nini nimekonda.

"Sasa ile ya kaka," akasema.

Nilibonyeza. Sikujua jinsi ya kutobonyeza. Taa zikashuka, safi, bila mkwaruzo hata mmoja, na kidole cha Bibi kikazipokea. Miwani yake ilikuwa kule kwenye kabati, kwa hiyo chini ya kioo zile herufi zilipita bila mtu wa kuzisoma. Mimi nilikuwa natazama sakafu. Kijani, kijani, kijani mpaka mwisho. Kompyuta ikapiga tarumbeta. Mia kwa mia. Ofisini kwetu hakuna aliyewahi kuvuka tisini.

"Mzee!" Bibi alipiga kelele, amefurahi kama msichana. "Mzee, njoo! Mwambie yule sajenti wako wa jeshini mimi nimepata mia!"

Babu alitokea mlangoni na fagio mkononi. Alikitazama kioo, akanitazama mimi.

"Hatua ya ngapi hiyo?"

"Ya saba," nikasema.

Akasimama pale. Nilidhani ataondoka, kama alivyoondoka ofisini.

"Imesemaje?" akamuuliza Bibi.

"Nini imesemaje?"

"Simu. Umeipokea nzima, hukuacha nukta. Imesemaje?"

Bibi akacheka. "Mimi nitajuaje? Nilikuwa nafuata mdundo. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe, mimi nawaza sufuria yangu jikoni."

"Basi na mimi ilikuwa hivyohivyo," Babu akasema.

Bibi bado alikuwa na kicheko usoni. Kilichukua muda kumtoka.

Babu aliongea akiwa amesimama, fagio amelishika kwa mikono miwili, kwa sauti ileile anayosomea risiti. Kituo chao kilikuwa ofisi ya mwalimu mkuu kwenye shule iliyofungwa. Mwenzake wa zamu aliugua, Babu akakaa na hedfoni peke yake saa thelathini. Mwisho akakivuta kiti cha mwalimu mkuu, kile chenye mto, maana mgongo ulikuwa umekufa.

"Simu iliingia saa nne na dakika tano," alisema. "Mkono uliiandika. Hakuna herufi niliyokosea. Nikaandika saa, nikatia sahihi, nikaichana, nikaiweka kwenye trei ya kushoto pamoja na ripoti za kawaida. Yote hayo nimeyafanya nimelala. Sajenti alikuja kuchukua ripoti saa tano kasoro dakika kumi. Akaisoma. Akaniuliza, 'Hii ya saa ngapi?' Mimi nikamuuliza, 'Ipi?'"

"Ilikuwa mezani," Bibi akasema.

"Ilikuwa mezani. Dakika arobaini na tano. Hapa, karibu na kiwiko."

"Na mawimbi?"

"Hakukuwa na mawimbi mabaya."

Jikoni sufuria ilikuwa inaungua, tulisikia harufu wote watatu. Niliinuka nikazime jiko, na nakiri nilishukuru kupata kazi ya kufanya. Niliporudi hakuna aliyekuwa amesogea.

"Ulinioa kwa sababu hiyo?" Bibi alimuuliza.

"Nilikuja kwa sababu hiyo. Njia nzima nilikuwa nimeyapanga maneno. Ukanifungulia mlango umeshika mkasi, ukaona nimevaa viatu vibovu, ukaniuliza kama nimekula. Nikashindwa." Akaliegemea fagio. "Kukuoa, nilikuoa kwa sababu nilikupenda. Kila siku nilisema kesho nitamwambia."

"Miaka arobaini na mitatu nazima redio," Bibi akasema. "Nazima redio za watu, hazina kosa."

Babu alikuwa anayumba. Sijui kama yeye mwenyewe alijua. Fagio ndilo lililokuwa linamshika.

"Kaa," Bibi akamwambia.

"Nimezoea kusimama."

"Nimesema kaa."

Aliinuka, akakumbatia nguo zote zilizokuwa kwenye kile kiti cha mito, na Bibi huyu ambaye atakuamsha usingizini kwa sababu umeangusha shati lililopigwa pasi akazitupa sakafuni. Babu akakaa kwenye ukingo, kama mgeni.

"Egemea. Lala," Bibi akasema. "Siwezi kugombana na mtu anayeyumba. Ukiamka nina maneno na wewe, na hutayapenda."

"Usingizi siwezi…"

"Lala."

Alilala kabla hajamaliza kubisha. Mdomo wazi, kichwa kwenye mto, saa nane na nusu mchana. Nilivitazama vidole vyake pajani kwa muda, navyo vilikuwa vimetulia.

Bibi alikwenda kabatini akavaa miwani. Akachukua chaki yake ya kushonea na kipande cha karatasi ngumu ya kukatia mitindo, akaketi tena mbele ya kompyuta.

"Na maneno ya simu yenyewe yako wapi humu?"

Nilimwonyesha zile herufi za kijivu chini ya kioo. Nikamwambia hana haja ya kuhangaika, naweza kuitoa simu yote kwa mara moja, nimwandikie.

"Hapana. Nataka kuipokea."

Basi tukaianza upya. Ukiangalia herufi huwezi kufuata mdundo, na ukiandika kwa chaki mkono mmoja unabaki mtupu, kwa hiyo kioo kilikuwa chekundu tangu mwanzo mpaka mwisho. Umechelewa. Umechelewa. Nilimuuliza kama niliondoe hilo neno. Akasema, "Liache." Kila mara tuliiba herufi tano au sita, zikatupita nyingine, tukarudi mwanzo. Tulirudia mara kumi na moja, na mara ya mwisho alipata pointi tatu kwa mia.

Ilipokamilika aliinua ile karatasi mbali kidogo na macho, akaisoma kwa sauti, pole pole, asimwamshe mzee:

"Ondokeni darajani kabla ya saa tano. Msingoje lori. Njooni kwa miguu."

Aliisoma tena, yote. Kisha akaiweka mezani, akapangusa chaki vidoleni.

"Alikuwa na mbio kweli, kaka yangu," akasema.